Chumba cha Inchi Mbili na Nusu

Katika kazi zote zifanywazo leo na mafundi wa kompyuta wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, na wenzao wa Mtaa wa Luthuli mjini Nairobi, hapana hata moja iliyo fupi kwa mikono na kubwa kwa taathira kama ile ya kuitoa diski ya zamani katika kompyuta mpakato na kuitia SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, mahali pake. Bisibisi moja, skrubu chache, saa moja au mbili za kunakili mafaili, na mashine ambayo mwenyewe alikwisha kuiita nzito, akaikatia tamaa na kuanza kuulizia bei ya nyingine, huwaka ikawa nyepesi kuliko ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Kazi yenyewe yaonekana ndogo na ujira wake ni mdogo; walakini nyuma yake iko historia ya takriban miaka 70, yenye mabingwa wa Marekani, Japani, Uskoti na kwingineko, na jambo nitakalo kulieleza hapa ni kwamba isingewezekana hata kidogo lau waliobuni kitu kipya wasingekubali kukaa ndani ya vipimo walivyoachiwa na waliobuni kitu cha kale.

Kabla ya diski, ofisi kubwa za Marekani na Ulaya ziliweka hesabu zao katika kadi za karatasi ngumu zenye matundu. Mashine ziliweza kuzisoma kadi hizo kwa kasi ya kustaajabisha, lakini kwa sharti moja, nalo ni kwamba kadi zipite kwa foleni, ya kwanza mbele na ya mwisho nyuma, hata ikiwa haja ya mwenye ofisi ni kadi moja tu iliyolala katikati ya maelfu. Kwa ajili hiyo kazi zilikusanywa zikasubiri: maagizo ya wateja yalipangwa kwanza kwa taratibu ya kadi, ndipo yakapitishwa yote kwa pamoja, na mtu aliyetaka kujua leo kama bidhaa fulani imo ghalani alijibiwa kwa habari za siku zilizopita. Biashara iliyokuwa ikikua baada ya Vita vya Pili vya Dunia haikuweza kuvumilia majibu ya namna hiyo milele.

Mwaka 1952 kampuni ya IBM ilimtuma Reynold Johnson kwenda San Jose, California, mji uliokuwa bado umezungukwa na mashamba ya matunda, ili afungue maabara ndogo mbali na makao makuu ya kampuni. Johnson alikuwa zamani mwalimu wa shule huko Michigan, na katika ualimu wake alibuni chombo cha kusahihisha mitihani kwa kuhisi alama za penseli, na ni kwa sababu ya chombo hicho IBM ikamwajiri. Katika jengo la kupanga, nambari 99 ya Notre Dame Avenue, yeye na vijana aliowakusanya walijaribu kanda, ngoma, nyaya na vijiti, hata azma yao ikatulia juu ya sahani za aluminiamu zilizopakwa rangi yenye chembe za oksidi ya chuma, ambazo zaweza kushika alama ya sumaku. Rangi hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja na ile iliyolinda vyuma vya daraja la Golden Gate. Ilichujwa kwa soksi ndefu ya hariri, kisha ikamiminwa kutoka katika kikombe cha karatasi katikati ya sahani iliyokuwa ikizunguka, ili mzunguko wenyewe uitandaze sawasawa mpaka ukingoni. Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ni desturi yetu kudhani kwamba vyombo vikubwa vya elimu hutoka katika vyumba vyeupe vya watu waliovaa glavu, ilhali diski ya kwanza duniani ilitoka katika karakana, mikononi mwa watu waliotumia vitu walivyovikuta karibu, na fundi wetu wa leo anayekata kipande cha plastiki ili SSD isicheze ndani ya kompyuta yuko katika nasaba moja nao.

Matokeo ya kazi yao yalitangazwa Septemba 1956 kwa jina la RAMAC. Ghala yake ya kumbukumbu ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, zimepangwa juu ya nguzo moja iliyozunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulikuwa takriban tani moja, na ilibeba herufi milioni 5. Mtu hakuweza kuinunua kama anunuavyo meza, bali aliikodi pamoja na mashine nzima kwa dola 3,200 kwa mwezi, fedha ambazo kwa wakati ule zingetosha kununua gari jipya. Mwaka 1958, katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, iliwekwa mbele ya umma ikajibu maswali ya tarehe za historia kwa lugha kumi. Na mwaka 1959 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alipozuru Marekani, alipelekwa San Jose kukitazama kiwanda kilichozaa ajabu hiyo.

Siri ya RAMAC haikuwa wingi wa herufi, kwa kuwa kanda za sumaku za zama zile zilibeba nyingi pia. Siri yake ilikuwa uhuru wa kwenda. Mkono wa chuma wenye vichwa viwili vya kusomea ulipanda au ukashuka kando ya zile sahani 50, ukasimama mbele ya sahani iliyotakiwa, ukaingia ndani mpaka kwenye njia iliyotakiwa, ukasubiri herufi ziujie kwa mzunguko, kisha ukasoma. Mfano wake ni karani wa ghala atumwaye rafu fulani, ambaye hana haja ya kuzipekua rafu zote zilizotangulia. Safari hiyo ilichukua kwa wastani milisekunde 600, yaani zaidi kidogo ya nusu ya sekunde. Kwa watu waliozoea kungoja siku nzima, nusu ya sekunde ilikuwa kama hapana kungoja kabisa, na hakuna aliyeweza kuona katika mwaka ule kwamba ndani ya safari ya karani huyo imekwisha kupandwa mbegu ya ugonjwa utakaozisumbua kompyuta miaka 50 baadaye.

Yaliyofuata nayapita kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vichwa vya kusomea vilifundishwa kuelea juu ya utando mwembamba wa hewa unaoletwa na mzunguko wa sahani zenyewe, bila ya kusukumiwa hewa kwa pampu kama katika RAMAC. Mwaka 1973 IBM ilitoa diski ya 3340, ambayo sahani zake na vichwa vyake vilifungiwa pamoja visiguswe na vumbi, na karibu kila diski iliyotengenezwa baada ya hapo imefuata njia hiyo. Kisha diski zikaanza kupungua umbo. Alan Shugart, ambaye katika ujana wake alifanya kazi juu ya RAMAC yenyewe, aliunda pamoja na wenzake kampuni iliyokuja kuitwa Seagate, na mwaka 1980 wakauza diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, yaani mzigo ule ule wa RAMAC umewekwa katika sanduku linaloweza kubebwa kwa mkono mmoja. Mwaka 1983 kampuni ya Rodime ya Uskoti ilishuka mpaka inchi 3.5. Mwaka 1988 kampuni ndogo ya PrairieTek, katika jimbo la Colorado, ikashuka tena mpaka inchi 2.5, ikatoa diski ya megabaiti 20 iliyokusudiwa kompyuta za kubebwa.

Hapa ndipo kilipozaliwa chumba ambacho makala haya yanakizungumzia. Waunda kompyuta mpakato walikipokea kipimo hicho, wakakiwekea nafasi maalumu katika mashine zao, na kwa muda wa zaidi ya miaka 20 nafasi hiyo haikubadilika ila katika unene: upana wake ni milimita 69.85, urefu wake takriban milimita 100, na matundu ya skrubu yako mahali pale pale. PrairieTek haikudumu, ilifilisika mapema katika miaka ya 1990, na leo ni wachache walijuao jina lake. Lakini kipimo chake kimekuwa kama sheria, na mimi nahesabu kuwa urithi wake huo mmoja una faida kubwa kwa watu wa kawaida kuliko mashine nyingi zilizosifiwa magazetini.

Yafaa pia kukumbuka hali ya kwetu katika zama hizo. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Na mwaka 1974 serikali, kwa kuona kwamba mashine hizi zinakula fedha nyingi za kigeni na kazi yake haijaonekana, ilipiga marufuku uingizaji wake nchini. Kwa hiyo miaka ile ile ambayo diski ilikuwa ikipungua kutoka tani moja mpaka kiasi cha kiganja, sisi tulikuwa tumesimama nje ya mlango, na kompyuta zilipotufikia kwa wingi zilitufikia zikiwa tayari zimekwisha kutumiwa na wengine. Hiyo ndiyo sababu historia ya kompyuta katika miji yetu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kutengeneza na kurekebisha, wala si historia ya kununua vipya.

Sasa nirudi kwa yule karani wa ghala. Kati ya 1956 na miaka ya 2010 mzigo wa diski ulipanuka kwa namna ambayo akili hupata taabu kuifuata. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua tabia ya tabaka nyembamba za metali ambazo upinzani wake wa umeme hubadilika sana mbele ya sumaku ndogo. Ugunduzi huo uliingizwa katika vichwa vya kusomea diski, ukaviwezesha kuhisi alama ndogo mno, na mwaka 2007 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Diski ya terabaiti moja iliyotiwa katika kompyuta mpakato baada ya hapo ilibeba mara 200,000 ya mzigo wa RAMAC. Lakini ilizunguka mara ngapi? Diski nyingi za kompyuta mpakato zilizunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara nne na nusu tu ya kasi ya babu yao. Na safari ya mkono, pamoja na kusubiri mzunguko, ilichukua milisekunde 17 hivi, ambayo ni nafuu ya mara 35 tu kulinganisha na 1956. Mzigo umeongezeka mara laki mbili. Mwendo wa mchukuzi umeongezeka mara 35. Hesabu hiyo peke yake yatosha kueleza kwa nini kompyuta huwa nzito.

Kwa maana diski isiyoweza kumaliza safari moja kwa chini ya milisekunde 17 haiwezi kufanya safari zaidi ya 60 hivi katika sekunde moja, na mfumo endeshi wa kisasa, kila uwakapo, huomba vipande vidogo vidogo kwa maelfu, vilivyotawanyika huku na huku juu ya sahani. Prosesa, yenye uwezo wa kufanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde, hukaa bure ikingoja chuma kisogee. Mwenye kompyuta huona kioo kimeganda, taa ndogo ya diski yawaka bila ya kupumzika, na husikia mle ndani sauti ya kukwaruza; hudhani mashine imezeeka, huenda akadhani ina virusi, akashauriwa aongeze RAM, na nafuu aipatayo ikawa haba. Mashine haikuwa imezeeka. Ilikuwa ikingoja.

Dawa ya maradhi hayo ilianza kutafutwa mahali pengine kabisa, na watu ambao hawakuwa na habari ya kompyuta mpakato. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, wa Bell Labs ya Marekani, walieleza namna transista inavyoweza kutiwa kipande cha ndani kilichozungukwa na kihami pande zote, ili elektroni zikiingizwa humo zibaki hata umeme ukizimwa. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alitoa chipu iliyotumia hikima ya namna hiyo, ambayo yaliyomo yalifutwa kwa kuimulika kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha kidogo kilichowekwa juu yake. Na jambo ambalo si wengi walijualo katika bara letu ni kwamba Frohman, baada tu ya ushindi huo, aliiacha Intel kwa muda akaenda kufundisha chuo kikuu Kumasi, Ghana.

Walakini mtu ambaye kazi yake imo ndani ya kila SSD ni Fujio Masuoka wa Japani. Alizaliwa Takasaki mwaka 1943, akapata udaktari wake Chuo Kikuu cha Tohoku mwaka 1971, na mwaka huo huo akaingia kampuni ya Toshiba. Alikuwa na fikra moja iliyomshika asiiache: kwamba kumbukumbu ya kutegemewa haina budi kuwa rahisi, na ili iwe rahisi sharti iachane na anasa ya kufuta herufi moja moja, ifute kundi zima kwa pigo moja. Mwaka 1984 aliionyesha kumbukumbu ya namna hiyo, iitwayo flashi, katika mkutano wa wahandisi San Francisco, na mwaka 1987 akaleta umbo la pili, liitwalo NAND, ambalo seli zake zimefungamana kwa safu, moja nyuma ya nyingine, zikipunguza nyaya na nafasi na hivyo kupunguza gharama. Toshiba haikuliona jambo hilo kwa ukubwa wake kwa upesi kama walivyoliona Intel. Masuoka aliondoka mwaka 1994 akawa profesa katika chuo chake cha zamani. Mwaka 2004 akaishtaki Toshiba akidai yeni bilioni moja kwa uvumbuzi wake, na mwaka 2006 pande mbili zikapatana kwa yeni milioni 87. Kwa mtu ambaye maarifa yake yamo katika simu, kamera na kompyuta za dunia nzima, malipo hayo nayaona kuwa ni kidogo mno, na sioni haya kusema hivyo.

Umbo la NAND lilikuwa na upungufu mmoja ambao uligeuka kuwa baraka. Haliwezi kusomwa vizuri herufi moja moja. Husomwa ukurasa mzima, na hufutwa kurasa nyingi kwa pamoja. Kwa chipu iliyotaka kushindana na RAM, upungufu huo ungekuwa kifo. Lakini diski nayo, tangu hapo, haikuwahi kusoma herufi moja moja: husoma sekta nzima, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya baiti 512. Kwa hiyo tabia za seli za Masuoka na tabia za sahani za San Jose zilikaribiana, na aliyeona fursa katika jambo hilo alikuwa Eli Harari, ambaye mwaka 1988 aliunda huko California, pamoja na Sanjay Mehrotra na Jack Yuan, kampuni ya SunDisk, iitwayo leo SanDisk.

Fikra yao ilikuwa hii. Msiiombe kompyuta ijifunze kitu kipya. Chukueni chipu, zifungeni ndani ya sanduku lenye kipimo cha diski, muweke mbele yake chipu moja ya usimamizi itakayopokea maagizo yale yale ambayo diski hupokea, isome sekta ile ile iliyoombwa, ijibu kwa lugha ile ile; na kompyuta isijue kabisa kwamba mle ndani hamna sahani, wala mkono, wala mota. Kazi ya chipu hiyo ya usimamizi si ndogo, kwa sababu seli huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na hapana budi maandishi yasambazwe ili seli zote zichakae kwa usawa, na zilizokufa zitengwe, na daftari la mahali palipo na kila sekta liandikwe upya kila mara. Yote hayo hufanyika kwa sitara. Mwaka 1991 SunDisk iliiuzia IBM diski ya namna hiyo kwa kompyuta zake za kubebwa: megabaiti 20, kwa kipimo cha inchi 2.5, kwa bei iliyokaribia dola 1,000. Msomaji ataona kwamba ni mzigo ule ule na kipimo kile kile cha diski ya PrairieTek ya miaka mitatu nyuma. Mgeni alikuwa amekwisha kuingia chumbani. Kilichomzuia kukaa ni bei tu.

Bei ilichukua miaka mingi kushuka. Kilichoishusha ni kamera za kidijitali na vichezeo vya muziki, na baadaye simu, ambavyo vilikula chipu kwa wingi hata viwanda vikapanuka. Mwaka 2006 Samsung iliuza kompyuta ya kubebwa yenye gigabaiti 32 za flashi. Mwaka 2008 Apple ilipotoa MacBook Air, mnunuzi aliyetaka SSD ya gigabaiti 64 badala ya diski aliongezwa dola 999 juu ya bei, kana kwamba anunua kompyuta ya pili. Mwaka huo huo Intel ilitoa SSD iitwayo X25-M, ya gigabaiti 80, ambayo kasi yake ya kusoma ilivuka megabaiti 200 kwa sekunde, na hapo wajuzi wakakiri kwamba diski ya kuzunguka haina tena jibu.

Lakini kuna habari moja ya wakati huo ambayo ni karibu nasi zaidi, na mara nyingi husahauliwa. Kompyuta ndogo ya kijani na nyeupe ya mpango wa One Laptop per Child, iliyoanza kutolewa mwishoni mwa 2007 kwa ajili ya watoto wa shule, haikutiwa diski ya kuzunguka. Ilitiwa gigabaiti moja ya flashi, kwa sababu waundaji walijua kwamba mikononi mwa watoto, katika vumbi na mitikisiko, mkono wa chuma uliosimama kwa umbali mdogo kuliko unywele juu ya sahani hautadumu. Rwanda ilikuwa nchi ya Afrika iliyoupokea mpango huo kwa upana mkubwa, ikagawa zaidi ya kompyuta laki mbili. Kwa hiyo wako vijana wa Rwanda waliofungua kompyuta isiyo na kitu kinachozunguka wakati mawakili wa London na wahasibu wa New York bado wanasikiliza diski zao zikikwaruza.

Mwaka 2011 mambo mawili yalikutana. Mvua na mafuriko makubwa yalivifunika viwanda vya diski nchini Thailandi, vikiwamo vya Western Digital, na bei ya diski ya kuzunguka ikapanda ghafula duniani kote, ilhali bei ya SSD iliendelea kuteremka. Na mwaka ule ule zilitengenezwa kompyuta mpakato za ofisini ambazo kila fundi wa miji yetu azijua kwa mikono yake: HP EliteBook 8460p, Dell Latitude E6420, Lenovo ThinkPad T420. Zilikuwa imara, zenye prosesa ambazo hata baada ya miaka mingi zatosha kwa barua, hesabu na masomo, na chumba chao cha diski kilifunguliwa kwa skrubu chache. Ofisi za Ulaya na Marekani zilizitumia miaka mitatu au minne, zikaziacha. Wafanyabiashara wakazikusanya, nyingi zikapitia Dubai, zikashushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam, zikapangwa madukani zikiwa na diski zao zile zile za kuzunguka ndani.

Wazinunuao ni wanafunzi, walimu, makarani wa mashirika madogo, waandishi, wenye maduka ya kupiga chapa na kutoa nakala. Kwao tofauti baina ya kununua kompyuta mpya na kuiokoa ya zamani si jambo la ladha bali ni jambo la ada ya shule na kodi ya nyumba. Fundi huitoa betri kwanza, hufungua kifuniko, huichomoa diski pamoja na kitako chake cha bati, huzihamisha skrubu nne kwenda kwenye SSD, na kwa kuwa SSD ina unene wa milimita 7 na chumba kina milimita 9.5, huizungushia fremu ya plastiki ili isilegee. Kontakta ya SATA, iliyowekwa kuwa kanuni mwaka 2003 kwa ajili ya diski za kuzunguka, huipokea bila ya kuuliza. Mafaili hunakiliwa, au mfumo endeshi husimikwa upya, na njia hii ya pili ndiyo niipendayo kwa kuwa huacha takataka za miaka zibaki nyuma. Safari ambayo zamani ilichukua milisekunde 17 sasa huchukua sehemu moja ya kumi ya milisekunde moja. Na diski iliyotolewa haitupwi: hutiwa katika kava lenye waya wa USB, ikawa ghala ya picha na nakala za akiba.

Fauka ya kasi iko faida nyingine ambayo wenye kuandika matangazo huko ng'ambo hawakuifikiria. Kompyuta iliyomo mkobani mwa abiria wa bodaboda, au iliyopakatwa ndani ya daladala katika barabara yenye mashimo, ikiwa imeachwa inawaka au imelala nusu, huweza kuuponda mkono wa diski juu ya sahani na kuharibu kila kitu. SSD haina cha kupondwa. Upande wa pili, haki yataka isemwe kwamba SSD ifapo aghalabu hufa ghafula, pasi na sauti wala onyo, na kuyatoa mafaili yaliyokuwamo ni kazi ngumu kuliko ilivyokuwa kwa diski ya zamani. Na ziko sokoni zilizobandikwa ukubwa wa uongo, ambazo hujaa kabla ya ahadi yake na kuyala maandishi ya watu. Fundi mwaminifu huipima mbele ya mteja. Hukataa pia kuyapekua mafaili ya mtu wa mbali aliyeiacha kompyuta hiyo bila ya kuifuta, jambo litokealo mara nyingi kuliko tudhaniavyo, akayafuta yote kabla ya diski kupewa kazi nyingine.

Chumba chenyewe sasa kinafungwa. Waunda kompyuta walipotaka mashine nyembamba waliona kwamba kitu kisicho na sahani hakina haja ya sanduku la sahani, wakaleta kipande cha M.2 kifananacho na ubao mwembamba, cha upana wa milimita 22, ambacho huchomekwa moja kwa moja katika bodi. Hilo halina dhara kwa fundi, maana nacho hufungwa kwa skrubu moja na huweza kubadilishwa kwa urahisi kuliko hata zamani. Dhara imo katika hatua iliyofuata, ya kuzilehemu chipu za kumbukumbu juu ya bodi yenyewe, kama zilivyofanywa kompyuta mpakato za Apple kuanzia katikati ya miaka ya 2010 na nyingine baada yake. Mashine ya namna hiyo ikijaa haipanuliwi, na kumbukumbu yake ikifa hufa na bodi, na bei ya bodi aghalabu hukaribia bei ya kompyuta nzima. Mashine hizo zitakapoachwa na ofisi za ng'ambo zitafuata njia ile ile ya Dubai na Mombasa, na baadhi yake zimekwisha kufika. Mnunuzi mwenye busara hataishia kuuliza ukubwa wa RAM na miaka ya betri; atamwomba muuzaji afungue kifuniko cha chini kabla fedha hazijatoka mfukoni, aone kama kumbukumbu imefungwa kwa skrubu au imelehemewa.